Barua kwa vijana wanaojiandaa na usaili wa kampuni za ushauri

Wanangu mlioko Malimbe, Nyegezi na Butimba, hapa Mwanza,

Mwangaluka. Nimewasikiliza mkipimana kwa maswali ya kesi, yale ya kutatua tatizo la biashara mbele ya msaili, na kuna jambo limenikera. Mtu anaulizwa kwa nini faida ya kiwanda cha minofu imeshuka, naye anakimbilia mchoro aliokariri: soko, washindani, wateja, bidhaa. Dakika tano zinapita, samaki hajatajwa!

Anzeni na hesabu ya biashara yenyewe. Faida ni mapato ukitoa gharama. Kiwanda cha sangara kinaingiza fedha kwa minofu inayosafirishwa Ulaya, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) yanayokwenda China, na mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki) yanayouzwa hapahapa. Kila kimoja kina kiasi chake na bei yake. Gharama ni samaki, barafu, umeme, mishahara, usafiri. Barbara Minto, aliyekuwa kampuni ya ushauri ya McKinsey, alisisitiza kwamba ukigawa tatizo katika matawi, yasiingiliane wala yasiache pengo. Ukiandika "samaki" huku na "manunuzi" kule, umehesabu shilingi ileile mara mbili.

Kisha ombeni namba. Tuseme kilo ya sangara ni shilingi 8,000, na kilo 100 zinatoa minofu kilo 40. Kila kilo ya minofu imekula samaki wa shilingi 20,000. Minofu ikipungua hadi kilo 35, gharama hiyo inafika karibu 22,900. Mvuvi hajapandisha bei, mnunuzi hajashusha, ila faida imeliwa. Sasa una pa kuchimba: samaki wamekuwa wadogo? Barafu haikutosha mitumbwini, nyama ikaharibika? Wakataji ni wageni wa kazi?

Lakini kabla ya kuchimba, ulizeni: faida imeshuka tangu lini, na viwanda vya jirani vina hali gani? Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu, Victoria, kwa hofu ya sumu. Siku zile ungekagua visu na barafu mpaka usiku ukose jibu, maana kilichofungwa ni soko.

Habari za suti na tai mtaulizana wenyewe.

Jumamosi asubuhi nendeni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kila mmoja atafute mfanyabiashara wa dagaa, amsalimie vizuri, amuulize ananunuaje, anauzaje na mzigo unapotelea wapi. Jioni nileteeni matawi yenu kwenye karatasi moja, bila mchoro wa kukariri.

Mzee wenu