Vipindi vya mwaka wa kwanza usiviache

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Nafurahi kwamba idara imekupa uhadhiri, ila hapo uliposema utaomba kuondolewa kwenye vipindi vya maabara vya mwaka wa kwanza ili upate muda wa utafiti, moyo wangu umekataa. Usiombe hivyo, nakusihi.

Najua vinachosha. Pipeti, vile vifaa vya kufyonzea na kupimia vimiminika kidogo, hazitoshi, na wengi wa wanafunzi hawajawahi kushika hata moja. Lakini kumbuka kile kimeng'enya cha Taq unachokitumia kila unapofanya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Mwaka 1966 Thomas Brock alikuwa akichunguza viumbe wa chemchemi za maji moto huko Yellowstone, Marekani. Aliyeshirikiana naye kuwaotesha bakteria wale alikuwa Hudson Freeze, mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Bakteria hao walistawi kwenye nyuzijoto 70, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1969. PCR haikuwapo hata kwenye mawazo. Kary Mullis aliibuni mwaka 1983. Mwanzoni kimeng'enya kilitoka kwa bakteria wa kawaida, kikawa kinaharibika kila mchanganyiko ulipopashwa moto ili pande mbili za DNA ziachane, na ilibidi kingine kiongezwe kwa mkono kila mzunguko. Taq, iliyotoka kwa bakteria wale wa Yellowstone, ilistahimili moto huo. Leo mizunguko 30 inajiendesha yenyewe, na kwa hesabu molekuli moja huzaa zaidi ya bilioni moja. Kazi hiyo yote ilipitia mikononi mwa kijana ambaye wewe ungemwona mzigo.

Tena kuna ule mrija usiotiwa DNA, wa kuhakikisha hakuna uchafu. Kila mwaka atatokea mwanafunzi wa kuuliza kwa nini tupoteze viambato kwa mrija mtupu. Usimjibu haraka. Siku mstari utakapojitokeza kwenye jeli ya kuonyeshea DNA, mahali palipopaswa kuwa peupe, waache wahangaike DNA hiyo imetoka wapi: je, ni maji? Ni ncha ya pipeti? Ni meza ambayo jana ilifunguliwa mirija ya PCR? Wakifika hapo wameshaanza utafiti, hata kama kitabu cha mazoezi kinasema ni zoezi la nne. Nawe, kwa kulazimika kuwaeleza, utaanza kuyatilia shaka matokeo yako mwenyewe kwa ukali zaidi kuliko mhakiki yeyote wa jarida.

Na mwanafunzi akifanya kazi, jina lake liwemo kwenye makala. Picha mashuhuri ya DNA ya mwaka 1952 ilipigwa na Raymond Gosling, mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa chini ya mwanasayansi Rosalind Franklin, na wangapi wanamtaja? Hili linaniuma.

Kinachokula muda wako, kwa jinsi ulivyonieleza, ni kuandaa vimiminika na kumimina jeli usiku. Basi mwombe mkuu wa idara fundi wa maabara wa kukusaidia hayo, vipindi ubaki navyo. Uniandikie atakavyojibu.

Mama yako