Tukiulizwa habari za safari, tuseme kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wanaojiandaa kwenda Pemba kula Sikukuu. Mimi ni fundi wa charahani hapa Jang'ombe, kwetu ni Wete, na kila Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi kubwa, nafunga kibanda nakwenda kwa mama. Njia hii naijua tangu nikiwa msichana wa skuli. Hata hivyo mwaka jana ilinitesa, tena kwa jambo ambalo rafiki zangu watatu walikuwa wakilijua na hakuna hata mmoja aliyenidokeza.

Hawakuninyima kwa ubaya. Kwetu mtu akirudi safari huulizwa, "Habari za safari?" naye hujibu, "Nzuri, alhamdulillah." Akiulizwa bahari, husema shwari. Awe alitapika kutoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mpaka bandari ya Mkoani kule Pemba, awe alilala bandarini juu ya mabegi, jawabu ni hilohilo, kwani kulalamika baada ya Mungu kukufikisha huonekana kama kukufuru neema. Adabu hiyo naiheshimu, nimefundishwa na mama yangu. Lakini mtu anaweza kumshukuru Mola wake na papo hapo akamwambia mwenziwe kwamba tiketi za kurudi huisha siku ya pili ya Sikukuu.

Mimi nilikata za kwendea tu, yangu na za wanangu watatu, wiki mbili kabla. Za kurudi nikasema nitakata hukohuko. Sikukuu yetu ni siku nne, na siku ya tano kila mtu anataka Unguja: mfanyakazi anarudi kazini, mtoto anarudi skuli, mwenye duka anakwenda kufungua duka. Siku ya tatu nilipofika Mkoani nikaambiwa hakuna nafasi mpaka wiki ijayo. Nje ya lango vijana wawili wakaniita pembeni. Tiketi nne zipo, bei imezidi kidogo, zina majina ya watu wengine, "lakini hakuna anayeangalia, mama." Kibandani nilikuwa nimeacha magauni sita ya harusi ya watu hayajatiwa vifungo. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mkobani.

Kilichonizuia ni hayo majina. Hapa nitakaa kidogo, Mhariri, maana ndipo penye sababu ya barua yangu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baada ya kupita Nungwi ikielekea Pemba. Haikuwa imetimia hata wiki mbili tangu Idi ndogo, ya Mfunguo Mosi. Meli ile iliruhusiwa watu 600 na kitu, ikapakia kupita kiasi, na shehena juu yake. Wapo walioitazama ilivyojaa wakageuka wakarudi majumbani, na hao wameyaona ya leo. Waliokufa kwanza walitajwa 200 na kitu, baadaye ikasemwa ni zaidi ya 1,000. Tofauti kubwa namna hiyo ilitokana na watu waliopanda bila ya kuandikwa. Mtaani kwetu Wete tulikaa matanga, na nilimsikia mzee mmoja akiuliza kila aliyekuja na orodha kama jina la mjukuu wake limo. Mtoto yule alipakatwa, hakukatiwa tiketi. Hakuna karatasi iliyosema kwamba alikuwemo.

Ndiyo maana nawaomba, ndugu zangu, msisafiri kwa jina la mtu mwingine, hata mkibakiza saa moja ya kuwahi kazini. Orodha ya abiria ndiyo itakayowasemea siku ambayo nyinyi hamwezi kusema. Na mtoto mchanga, hata kama halipiwi, mwambie karani amwandike, umngojee mpaka aandike, ulione jina kwa macho yako. Beba cheti chake cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chako. Wengine huona haya kumsumbua karani kwenye msongamano ule, na watu nyuma wanaguna. Waache wagune.

Nililala Mkoani siku tatu, kwa jamaa za wifi yangu, watu ambao sikuwahi kuwaona kabla ya hapo na ambao walinipa kitanda chao wao wakalala chini. Mungu awalipe. Niliishiwa pesa, na mawakala wawili wa simu niliowaendea wote hawakuwa na fedha za kunipa, kwa sababu wiki ile kila mtu alikuwa akitoa. Kwa hivyo anayekwenda abebe taslimu za kumtosha siku mbili zaidi ya alizopanga, azifunge mbali na zile za mkono wa Idi wa watoto, maana hizo hazikai.

Sasa bahari. Miaka hii Mfunguo Mosi inaangukia Machi, upepo wa kaskazi unapoishia, na mara nyingi maji huwa yametulia. Mfunguo Tatu inaangukia mwisho wa Mei na Juni, upepo wa kusi umeshashika. Mtu aliyekwenda Idi ndogo akakwambia bahari ilikuwa maziwa hakukudanganya, ila bahari aliyopita yeye siyo utakayopita wewe. Boti ikitoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hupita upande wa magharibi wa Unguja, kisiwa kinakukinga na upepo, na mpaka Tumbatu watoto watakuwa wakicheka na kuomba biskuti. Ukishapita Nungwi kinga imekwisha. Hapo ndipo mawimbi yanapokuja kwa ubavu, na vicheko vyote hunyamaza.

Basi mwenye kulewa bahari ameze kidonge chake nusu saa au saa moja kabla ya kuondoka. Asingoje roho ichafuke, kwani hapo kidonge nacho kitatapikwa. Akae chini, katikati au kuelekea nyuma, asikae mbele ambako boti inanyanyuka na kushuka. Atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu, aiache simu mkobani. Tumbo tupu ni baya sawasawa na tumbo lililojaa biriani. Kula kipande cha mkate mkavu na chai ya tangawizi. Mifuko ya kutapikia wanagawa, lakini chukua na yako. Na kabla ya hayo yote, ukishakaa tu, uliza fulana za kujiokolea ziko wapi na za watoto ni zipi, mfundishe mkubwa wako kumfunga mdogo wake. Mimi huwafanyisha wanangu nyumbani kwa kutumia koti la mvua.

Mkoani ukishuka usimpe mtu begi kabla hamjapatana bei. Gari za abiria za njia ya 603 zitakufikisha Chake Chake, na hapo utapata 606 ya Wete au 602 ya Konde. Zote hupungua sana jua likizama, na siku ya Sikukuu yenyewe hupungua mapema zaidi, madereva nao wana watoto wao. Boti ikichelewa, mpigie simu mwenyeji wako ungali baharini, mtandao ukirudi, kuliko kumwamsha saa nne ya usiku.

Na mkifika, msikae barazani siku zote nne. Wapelekeni watoto msitu wa Ngezi, kisha mshukie ufuoni Vumawimbi. Au waende Kidike wakawaone popo wa Pemba, ambao hawapatikani pengine popote duniani. Walikuwa wakiwindwa mpaka wakakaribia kwisha, na wanakijiji ndio wanaowalinda. Nendeni alasiri, mkae kimya, magharibi ikiingia mtawaona wakitoka makundi kwa makundi. Msipige makofi ili waruke. Mwanangu wa kati alihesabu mpaka 200 akapotea, na tangu hapo hajataka kusikia mtu akimtaja popo kwa ubaya.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba kila ikibaki wiki mbili kabla ya Sikukuu, utenge kipande kidogo cha ukurasa waliosafiri wawaelezee wanaosafiri: boti zinajaa siku gani, gari zinaisha saa ngapi, wapi mtu alikwama na alijinasua vipi. Na wenye boti, kama wanasoma, wangetuuzia tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja na kutushawishi tuzichukue. Walanguzi wanaishi kwa wale wanaosema, kama nilivyosema mimi, nitakata hukohuko.

Mimi nimeshaanza kwangu. Nimebandika karatasi ukutani juu ya charahani, na kila mteja anayetoka Pemba namuuliza safari yake, nikimwambia akinijibu "nzuri" simkabidhi nguo. Hucheka kwanza, kisha huvuta kigoda. Juzi alikuja dada mmoja kuchukua gauni la mwanawe, akasema anaondoka Alkhamisi na watoto watatu na mchanga wa miezi minne. Nilimuuliza mchanga ameandikwa? Akatoa tiketi mkobani, akazihesabu mara mbili, akaniachia gauni na kuniambia atalirudia. Alikuwa anakwenda bandarini, na ofisi ilikuwa imebakiza nusu saa kufungwa.

Fundi wa charahani,
Jang'ombe, Unguja.