Risala ya Kikundi cha Upandaji Miti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, masheha, wazee wetu, akina mama wa mwani na wananchi nyote,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kufika kwetu licha ya njia ile uliyoiona.

Kikundi tulikianza watu 7, baada ya bahari kuingia bonde la mpunga. Leo tuko 29. Mikandaa na michu imerudi pwani, kaa nao wamerudi, na jina letu limeshavuka bahari: mwaka juzi alikuja mgeni kutoka Unguja akatupiga picha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini sisi tumezidisha: mwanachama akionekana nao sokoni hutozwa miche mitano. Samaki tunabeba kwa pakacha, na miche ya mikarafuu na mivinje tunaiotesha ndani ya vifuu vya nazi. Anayekusomea risala hii ameshatozwa mara mbili.

Shida yetu, Mheshimiwa, ni maji. Kisima cha kitaluni kimeingia chumvi. Mche ukinyweshwa maji yale huungua ncha za majani, siku chache umekauka. Maji matamu yako kwenye bomba la skuli, na akina mama huyabeba kwa ndoo alfajiri, kabla ya kuwahi mwani bahari ikitoka. Kaskazi iliyopita tulipoteza zaidi ya nusu ya miche.

Hili si geni. Miaka mitatu iliyopita, mgeni rasmi aliyekaa kwenye kiti hicho hicho alituahidi tangi la lita 5,000 pamoja na mipira yake, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Akatutaka tuanze wenyewe kwa kujenga jukwaa la kuliweka. Tukachanga, tukamwaga zege, likakauka. Barua tumeandika nne. Jibu tumepata moja, kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Hatumlaumu mtu, shughuli za wakubwa ni nyingi. Ila jukwaa ndilo hilo nyuma yako, Mheshimiwa, na wanaolala juu yake ni mbuzi.

Tunaliomba tangi hilo na mipira ya kutoka skuli hadi kitaluni, kabla kaskazi haijaingia. Na ukituahidi, tunakuomba kwa heshima zote ututajie na siku ya fundi kufika, katibu aiandike mbele yako. Mbuzi tutawashusha wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.