Udongo umekauka? Uache ukauke zaidi

Wateja wetu wengi huja na mfuko wa udongo wa ufinyanzi uliogeuka jiwe, wakiuliza kama wautupe. La, msiutupe. Maadamu haujaingia tanurini, udongo hurudi. Ukishapita moto wa nyuzi 600 hivi, hapo basi. Hakuna maji yatakayoulainisha tena.

Kinachowaponza watu ni haraka. Bonge limekakamaa nje, ndani bado lina unyevu, mtu analimiminia maji na kuanza kulikanda. Juu linakuwa tope la kuteleza, katikati gumu vilevile. Udongo wenye unyevu haunywi maji vizuri. Uache ukauke kabisa, mpaka upauke na ukiugusa usihisi ubaridi. Wakati wa kaskazi haichukui muda. Masika, jipe subira.

Kisha uvunje vipande vidogo ndani ya gunia lililofungwa, maana vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu. Tia ndooni, mimina maji yaufunike, usikoroge. Utasikia mchemko mdogo: maji yanaingia, hewa inatoka, vipande vinamomonyoka vyenyewe. Kesho yake mwaga maji yaliyobaki juu, tandaza tope kwenye shuka kuukuu la pamba, uligeuzegeuze. Likiacha kunata mkononi, likande.

Maji yawe ya mfereji au ya mvua. Visima vingi hapa kisiwani Mombasa vina chumvi, nayo hujitokeza juu ya chombo kama ukungu mweupe.

Na tafadhali, usianike tope juu ya ukuta wa matumbawe au sakafu ya chokaa, hata kama ndipo penye jua zuri. Punje moja ikiingia, chungu kitatoka tanurini hakina ila, ukiweke kabatini, kisha siku moja ukikute kimebanduka kigaga, na kitone cheupe katikati ya kidonda. Ile punje imechomwa ikawa chokaa kali, ikanywa unyevu wa hewa, ikafura. Na unyevu wa Mombasa nani asiyeujua?

Mnaokaa ghorofani bila pa kuanika, leteni udongo karakanani. Tunaupima kwa kilo ukiwa mkavu, na mnauchukua umekandwa tayari, umefungwa kwenye nailoni. Mwekundu na mweupe visichanganywe mfuko mmoja. Hausinyai sawa, na chombo chake hupasuka. Vipande vyenye plasta, ile jasi ya kalibu, hatupokei.