Mimea ya Rutamba na Rondo, Lindi, itunzwe na huku kwetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Hivi karibuni nimekuwa nasoma rekodi za hebaria, yani zile maktaba za mimea iliyokaushwa, kuhusu dungusi (kaktasi) moja dogo la jangwani Marekani linaloitwa Echinocereus engelmannii, wenyewe wanalifananisha na kalunguyeye kwa ile miiba yake. Linaota kwenye mawe ya makorongo ya Arizona na Utah mpaka Grand Canyon na maua yake ni ya zambarau iliyokolea.

Kilichonishika ni vile vikaratasi vya pembeni. Kila mmea una jina la aliyeuchuma, tarehe, mahali, mwinuko, aina ya udongo, na rangi ya ua likiwa bichi maana likikauka rangi inapotea. Na dungusi kulikausha ni kazi jamani, limejaa maji na miiba, unalipasua, unakwangua nyama ya ndani, unabadilisha magazeti unayolikaushia kila mara la sivyo linaoza, ndo maana wachumaji wengi walikuwa wanalipita tu. Kwa hiyo ukiona ramani ya mahali mmea ulipochumwa haina alama sehemu fulani usiseme mmea haupo, labda hamna aliyetaka kuchomwa miiba! Daktari George Engelmann wa St. Louis, karne ya 19, alieleza madungusi mengi kwa kutumia mimea aliyoletewa na wapima ardhi na wasafiri, na mkusanyiko wake upo mpaka leo Missouri Botanical Garden, mji uleule aliokuwa anaishi.

Sasa njoo kwetu Lindi. Miaka ya 1930 Mjerumani Schlieben alichuma mimea mingi sana kule Ziwa Lutamba, hukohuko Rutamba, ikapelekwa Berlin, na Machi 1943 hebaria ya Berlin ikapigwa mabomu ikaungua sehemu kubwa. Tunachoweza kusoma leo ni nakala, yani vipande vingine vya mimea ileile, zilizokuwa zimeshagawiwa hebaria zingine za Ulaya. Yani msitu ni wetu, halafu kumbukumbu yake ikaponea kwa bahati, mbali na sisi.

Najua tuna hebaria Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafanya kazi nzuri na wala siwalaumu. Lakini mwanafunzi wa Rutamba au Newala anafikaje huko? Wazee wanaoijua mimea kwa Kimwera na Kimakonde wapo huku, mkaa unachomwa huku, mashamba ya ufuta yanafunguliwa huku kila msimu. Picha ya simu inasaidia ndio ila mbegu huwezi kuipasua kwenye picha.

Ombi langu, chuo kimojawapo cha Mtwara au Lindi kitoe chumba kikavu chenye makabati yanayofunga vizuri maana unyevu wa pwani na wadudu ndo adui mkubwa, wanafunzi waanze na mimea ya kando ya vijiji (msitu wa hifadhi mpaka kibali), kila kitu kiwe nakala mbili, moja ibaki hapa nyingine iende Arusha. Na ile mimea adimu sehemu kamili inapoota isitangazwe, Marekani wameshajifunza hilo kwa wezi wanaong'oa madungusi kwenda kuuza. Walimu wa baiolojia mlio tayari, tuandikieni kupitia gazeti hili tujuane.

Msomaji, Lindi