Barua ya Wazi kwa Mkutubi Mkuu Mpya: Gari la Vitabu Lisirudi Tupu

Ndugu Mkutubi Mkuu,

Pokea kwanza pongezi zangu kwa kuteuliwa kuiongoza maktaba yetu ya umma. Tangu uanze kazi umekuwa ukisisitiza mambo mawili, yaani kuwafuata wananchi huko waliko na kuhifadhi historia ya eneo letu, na wengi wameyapokea kama miradi miwili isiyohusiana: mmoja wa kuitangaza maktaba, mwingine wa kupanga makabrasha ya zamani katika chumba cha nyuma. Nakuandikia hadharani kukuomba uyafanye kuwa kazi moja, kwa kuwa matangazo yasiyo na jambo la kuwashirikisha watu husahaulika upesi, na makabrasha yasiyojulikana na mtu huishia kuliwa na mchwa.

Kuwafuata wasomaji si jambo geni katika taaluma yako. Mwaka 1905 Mary Titcomb, aliyekuwa mkutubi wa Washington County katika jimbo la Maryland, Marekani, alipakia vitabu kwenye gari la kukokotwa na farasi ili viwafikie wakulima ambao safari ya kwenda mjini iliwashinda. Baada yake maktaba za nchi mbalimbali zimetumia mabasi, boti, punda na hata ngamia. Lakini karibu mara zote kinachokusudiwa ni kupeleka tu: vitabu hutoka maktaba, husomwa, kisha hurudi vilevile. Ombi langu ni kwamba gari letu lirudi na kitu ambacho hakikuwamo kwenye rafu lilipoondoka.

Riwaya ikipotea tutanunua nakala nyingine. Daftari la muhtasari wa vikao vya chama cha ushirika kilichokwisha kufa, sajili ya wanafunzi wa kwanza wa shule, barua za wakazi walioomba wachimbiwe kisima, au picha ya familia ambayo nyuma yake unaonekana mtaa uliobomolewa zamani, ni vitu ambavyo aghalabu vina nakala moja tu duniani, na nakala hiyo imo ndani ya sanduku la mtu asiyejua kama kuna anayeihitaji. Hatakuja kuuliza. Lazima afuatwe, na afuatwe na mtu anayeaminika. Ukihojiwa na wakubwa wako kwa nini mtumishi wa maktaba anashinda nje na kinasa sauti badala ya kukaa dawatini, waonyeshe Ilani ya Maktaba za Umma, ambayo UNESCO iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1949: toleo la mwaka 1994, lililoandaliwa pamoja na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, linataja kuunga mkono masimulizi ya mdomo miongoni mwa majukumu ya maktaba, na lile la mwaka 2022 linataja waziwazi uhifadhi wa maarifa na urithi wa wenyeji.

Haraka inahitajika zaidi kuliko fedha. Karatasi za magazeti zilizotengenezwa kwa rojo la mbao zina asidi inayozifanya zigeuke manjano na kuvunjika zikikunjwa, na kanda za kaseti zinaharibika huku mashine za kuzichezea zikizidi kuadimika. Hapa niseme jambo moja linaloniudhi: watu wenye nia njema hupeleka hati zao za zamani zikalaminishwe, wakidhani wanazilinda, kumbe joto na gundi huiunganisha karatasi na plastiki kwa namna ambayo ni vigumu mno kuitengua. Tangazo fupi la maktaba kuhusu hilo, pamoja na ushauri wa kuandika nyuma ya picha kwa penseli laini badala ya kalamu ya wino, na kutobandika selotepu penye mpasuko, lingeokoa mengi kabla hata hujanunua skana. Skana ikipatikana, mtindo uwe kunakili na kumrudishia mwenyewe mali yake siku hiyohiyo. Familia itakayoona kwamba picha imerudi salama itawaambia majirani.

Kwenye mahojiano ndiko nina hofu kubwa zaidi. Chuo Kikuu cha Columbia kilipoanzisha ofisi ya historia simulizi mwaka 1948 chini ya mwanahistoria Allan Nevins, waliotangulia kuhojiwa walikuwa zaidi watu wa vyeo na majina, na ilichukua muda kabla ya watafiti wengi kuwageukia vibarua, wakunga, mafundi na akina mama wa nyumbani. Nasi tukianza na waheshimiwa tutapata hotuba, na hotuba zao tunazo tayari. Anza na aliyeendesha mtambo wa maji, aliyefua nguo za hospitali, aliyehamia hapa bila kujua lugha ya wenyeji.

Kila rekodi iwe na tarehe, mahali, jina la msimuliaji, jina la mhoji, na ridhaa iliyoandikwa inayoeleza nani ataruhusiwa kuisikiliza. Ridhaa hiyo isiwe karatasi ya kutimiza utaratibu tu. Mzee akieleza mpaka wa shamba ulipokuwa zamani, maneno yake yanaweza kufika mahakamani. Mama akisimulia aliyemtesa, mtesaji au watoto wake huenda bado wanaishi jirani. Msimuliaji awe na haki ya kuagiza rekodi ifungwe kwa miaka anayoitaka, au asitajwe jina, na maktaba iitii amri hiyo hata akija ofisa mwenye barua ya cheo chake. Na pale ambapo koo mbili zitasimulia asili ya mji kwa namna mbili zinazopingana, nakusihi uzihifadhi zote mbili bila kuzipatanisha. Kazi ya mkutubi ni kueleza kila moja imetoka kwa nani na lini. Hukumu ni ya msomaji.

Yapo maonyesho ya historia yanayofunguliwa kwa utepe na kufungwa baada ya wiki moja. Sina ugomvi nayo, ila yasiwe ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo machache uyajibu kwenye ubao wa matangazo wa maktaba. Ni mtumishi gani atakayesimamia nyaraka za eneo letu, na atapatikana siku zipi? Je, vitu vitakavyopokelewa vitaingizwa kwenye katalogi ileile ya vitabu, ili mwanafunzi anayetafuta avione? Na je, maktaba itakubali kuwafundisha wakazi wanaojitolea namna ya kuhoji na kuweka kumbukumbu kabla ya kuwatuma nje? Mafunzo hayo yakitangazwa, jina langu liandikwe kwenye orodha.

Wako katika huduma ya usomaji,

Mwanachama wa maktaba