Barua kwa mwanangu: magadi ya Bennu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Pemba hatujambo, ila mvua za vuli zimetusimamishia kazi ya chumvi. Umeniuliza kwa nini wataalamu, wakishaziona asidi amino (misombo ya kaboni ambayo baadhi yake hujenga protini za viumbe) katika mawe ya angani, bado wanahangaika na madini yake.

Ukumbuke mtungi wa bibi yako: akiufukiza ubani, maji hunukia kwa siku kadhaa, kwa kuwa udongo una vinyweleo vinavyoishika harufu. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, kimejaa madini ya jamii ya udongo, ingawa huo haujaona tanuri. Yalifanyika maji yalipoyageuza mawe ya mwanzo, na misombo ya kaboni mara nyingi hukutwa imejibana humo humo. Vijiduara vilivyoyeyuka kwa moto mkali, ndani ya kimondo hicho hicho, vina misombo hiyo kidogo mno.

Lakini mimi, kwa kazi yangu, nimevutwa zaidi na Bennu, asteroidi (jabali dogo linalolizunguka Jua) ambayo chombo cha Marekani kilileta duniani gramu 121.6 za mchanga na vijiwe vyake, Septemba 2023. Humo mmekutwa chumvi, na magadi pia, yale yale mama yako anayotia katika maharage. Katika vidimbwi vyetu chokaa hutangulia kutuama na chumvi ya kula huja baadaye, maji yakishakolea. Madini ya Bennu nayo yana mfuatano wa namna hiyo. Basi ndani ya asteroidi kubwa iliyoizaa Bennu palikuwa na maji ya chumvi yaliyokauka polepole, na kadiri yalivyopungua ndivyo amonia (kemikali yenye nitrojeni) na misombo ya kaboni iliyomo ilivyoweza kusongamana na kuungana. Katika mchanga huo zimehesabiwa asidi amino 14 katika zile 20 zinazojenga protini za viumbe. Anayekwambia hayo ni mabaki ya viumbe usimsadiki: asidi amino huwa na maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na za Bennu zina umbo la kushoto na la kulia karibu sawasawa, ilhali protini zetu hutumia la kushoto.

Nakutumia chokaa ya kidimbwi cha kwanza na chumvi ya kidimbwi cha mwisho, kila kimoja katika karatasi yake, uvitazame kwa hadubini ya maabara yenu.

Wasalaam,
Baba yako